Mradi wa 12V kupitia USB-C: kebo ya A kwa C inawasha, C kwa C hakuna kitu

taa_na_feni

Habari za kazi wakuu. Nahitaji msaada kwenye umeme wa kabati dogo la kuoteshea miche. Ndani kuna utepe wa LED wa 12V unaokula 2 A, feni ya 12V ya 0.25 A, na bodi ya ESP32 inayoviongoza, ambayo hulishwa 5V. Kwa sasa vyote vinaendeshwa na adapta ya 12V 3A yenye plagi ya duara. Nataka kuiondoa adapta hiyo, niweke soketi ya USB-C, chaja ya kompyuta mpakato ibebe kazi yote.

Nimeanza na jaribio la 5V tu kwa ajili ya ESP32. Nimelehemu soketi ya USB-C ya pini nne: VBUS (waya wa umeme), graundi, D+ na D−. Vipimo vya multimita kwenye VBUS ni hivi:

Kebo ya A kwa C, chaja ya zamani: 5.1 V, bodi inawaka.
Kebo ya C kwa C, chaja ya 65W: 0 V. Nikigeuza plagi, bado 0 V.
Chaja hiyo hiyo na kebo hiyo hiyo kwenye simu: inachaji vizuri.

Maswali:
1. Kwa nini C kwa C inatoa sifuri?
2. Nikiweka bodi ya PD (Power Delivery, utaratibu wa kifaa kuiomba chaja volti) inayoomba 12V, kila chaja ya USB-C itakubali?
3. Kwenye ingizo la 12V kuna kapasita ya 1000 µF. Ibaki au itoke?

---

pini_A5

Nijibu la kwanza kwa kina maana ndilo linalowakwamisha wengi.

Chaja yako ni nzima. Tatizo ni soketi. Tundu la USB-A huwa na volti 5 muda wote, kuwe na kifaa au kusiwe. Tundu la USB-C haliko hivyo: chaja huizima VBUS kabisa mpaka ione rezista ya 5.1k kutoka pini ya CC (ya chaja na kifaa kutambuana) ya kifaa kwenda graundi. Soketi yako ya pini nne haina pini za CC, kwa hiyo chaja inaona kebo inayoning'inia hewani na inakaa kimya, kama inavyotakiwa.

Tafuta soketi yenye CC1 na CC2 (pini A5 na B5). Kwa kulehemu kwa mkono, ya pini sita ni rahisi zaidi: ina VBUS mbili, graundi mbili na CC mbili, basi, na nafasi kati ya pini zake ni pana. Inatosha hadi 3 A. Ya pini 16 ina miguso minne ya VBUS na minne ya graundi, na D+ na D− zipo.

Kisha weka rezista MBILI za 5.1k, usahihi wa 1%: moja kutoka CC1 kwenda graundi, nyingine kutoka CC2 kwenda graundi. Msomaji yeyote mwenye haraka asome tena hapo. Usiziunganishe CC1 na CC2 pamoja ili uokoe rezista moja. Raspberry Pi 4 ilipotoka 2019 ilikuwa na kosa hilo hilo, ikawa inakataa kuwaka kwa baadhi ya kebo. Sababu ni hii: kebo yenye chipu ya utambulisho ndani yake huweka takriban 1k kwenye waya wa pili wa CC. Ukiwa umeziunganisha CC zako, hiyo 1k inakaa sambamba na 5.1k yako, jumla inashuka hadi karibu 0.84k. Chaja inaona thamani ndogo kwenye pande zote mbili, inahitimisha kwamba umechomeka adapta ya spika za masikioni, na haitoi umeme. Kwa kebo ya kawaida isiyo na chipu kila kitu kinafanya kazi, ndiyo maana kosa hili hupita majaribio mengi kabla halijaonekana.

Kupima kabla ya kuchomeka chochote, multimita kwenye omu:
CC1 kwa graundi: 5.1k
CC2 kwa graundi: 5.1k
CC1 kwa CC2: 10.2k. Ikisoma karibu na sifuri, lehemu imeziunganisha mahali fulani.
VBUS kwa CC1 na VBUS kwa CC2: isiwe mguso wa moja kwa moja. Chunguza hapa kwa lenzi, maana A4 ni VBUS na A5 ni CC1, na umbali kati yao ni nusu milimita. Daraja la lehemu hapo halidhuru sana kwa 5V, lakini kwa 20V linaua chipu.

Ukichomeka chaja, pima CC iliyo hai. Utapata moja ya hizi: karibu 0.41 V, chaja inasema ina kiwango cha kawaida cha USB, karibu 0.92 V, ina 1.5 A, karibu 1.68 V, ina 3 A. Volti hizo unaweza kuzisoma kwa ADC (kipima volti cha ndani) ya ESP32 bila chipu yoyote ya PD, ukajua mapema unaruhusiwa ampea ngapi kwa 5V. Hiyo ndiyo njia nyepesi kuliko zote kwa mradi usiozidi wati 15.

---

mkondo_sawa

Naongezea namba 2, na jibu ni hapana. 12V usiitegemee.

Ngazi za PD zenye uhakika ni 5, 9, 15 na 20 V. 12V iliwahi kuwemo kwenye toleo la mwanzo la PD, na chaja kadhaa bado zinaiweka kwa hiari, lakini kanuni za sasa hazimlazimishi mtengenezaji. Chaja ya 65W inayotoa 12V na ya 65W isiyotoa zote ziko sahihi. Ukibuni mradi wa kuomba 12V, siku ukibadilisha chaja unabaki na 5V na utepe uliozimika.

Kinacholazimishwa kinafuata wati za chaja:
Zaidi ya 15W: lazima kuwe na 9V.
Zaidi ya 27W: lazima kuwe na 15V.
Zaidi ya 45W: lazima kuwe na 20V.

Kebo ya kawaida mwisho wake ni 3 A. Ili kufika 5 A kebo lazima iwe na chipu ya utambulisho, vinginevyo chaja yenyewe haitatangaza zaidi ya 3 A. PD 3.1 ya 2021 iliongeza 28, 36 na 48 V hadi 240W, lakini kwa kabati la miche huko hatuendi.

Sasa hesabu yako. LED 24 W, feni 3 W, jumla 27 W kwenye 12V. Kishusha volti chenye ufanisi wa 92% kitavuta 29.3 W. ESP32 ikishtuka kwa Wi-Fi tuihesabie 0.5 A kwa 5V, ni 2.5 W, na upotevu wa kishusha chake inakuwa karibu 2.9 W. Jumla 32 W na ushee, yaani kama 2.15 A kwa 15V. Kwa hiyo: omba 15V, shusha hadi 12V. Chaja ya 45W au 65W inakutosha bila jasho. Chaja ya 30W inatoa 15V kwa 2 A tu, haitoshi. Ila ukibana LED kwenye 80% kwa PWM (kuwasha na kuzima haraka haraka) unashuka hadi karibu 27 W, ambayo ni 1.8 A, na hapo inabeba.

Kwa nini siombi 20V? Kwa sababu 20V ina uhakika kwenye chaja zinazozidi 45W tu, nawe huihitaji.

Chipu iliyo rahisi kuagiza kwa mradi kama huu ni CH224K. Haitaki programu, volti unaichagua kwa rezista moja kutoka CFG1 kwenda graundi: 6.8k ni 9V, 24k ni 12V, 56k ni 15V, ukiacha wazi ni 20V. Ona hatari iliyojificha hapo: rezista ya CFG1 ikiwa na lehemu mbovu, chipu inaiona kama iko wazi na inaomba 20V. Kishusha chako kiwe kinavumilia hilo. Mimi huwa sikubali kishusha chini ya 36V mbele ya PD, hata kama naomba 9V.

Mambo matatu ya CH224K ambayo hukosewa:

VDD hulishwa kutoka VBUS kupitia rezista ya 1k, na kapasita ya 1 µF kwenda graundi. Ndani ya chipu kuna kibana volti cha takriban 3.3V, kwa hiyo rezista ndiyo inayobeba tofauti yote. Kwa 15V inachoma 0.14 W, kwa 20V inachoma 0.28 W. Rezista ya 0603 ya 0.1 W itabadilika rangi. Weka mbili za 2k sambamba, saizi ya 1206.

Rezista za 5.1k alizoeleza pini_A5 HAZIWEKWI ukitumia chipu hii. Zimo ndani tayari. Ukiongeza za nje unapata karibu 2.55k na chaja inaweza kukataa kukuona. Na usishtuke ukipima CC za chipu bila umeme usione 5.1k, kipimo kile cha multimita ni cha rezista halisi tu.

Usiweke kapasita ya 100 nF kwenye CC eti kuondoa kelele. Chaja na chipu huongea kwa mapigo ya 300 kbps juu ya waya huo huo. Kinachoruhusiwa upande wa kifaa ni 200 hadi 600 pF. Kwa 100 nF mazungumzo hayasikiki, unabaki na 5V milele na unadhani chipu ni bandia.

---

taa_na_feni

Shukrani sana wakuu. Nimebadilisha soketi, nikaweka 5.1k mbili, C kwa C sasa inatoa 5.08 V pande zote mbili za plagi. CC iliyo hai inasoma 1.67 V.

Kwa hatua ya 15V nimechora hivi: CH224K na 56k, kisha mosfeti ya AO3401 kati ya VBUS na mzigo. Geti ina 100k kwenda sosi na 100k kwenda pini ya PG ya chipu (ishara kwamba volti imekubaliwa), hivyo inafunguka mazungumzo yakikamilika. Nimeweka 100 nF kati ya geti na sosi ili ifunguke polepole, nibaki na kapasita yangu ya 1000 µF. Baada ya hapo kishusha cha LM2596 kutoa 12V. Ni sawa?

---

koili_moto

Mkuu, wazo la kuzuia mzigo mpaka PD ikamilike ni zuri sana, lakini mchoro huo una mitego minne. Nitaenda mmoja mmoja.

Wa kwanza ni kapasita. USB-C inataka uwezo unaoonekana kwenye VBUS wakati wa kuchomeka uwe 1 hadi 10 µF. Baada ya mapatano ya PD unaruhusiwa hadi 100 µF. 1000 µF haimo popote. Na 100 nF kati ya geti na sosi haikuokoi. Fuata hesabu: kigawanyo cha 100k na 100k kinaelekea 7.5 V, na kasi yake ni 50k mara 100 nF, yaani 5 ms. Kwa hiyo geti inaanza kusogea kwa karibu 1.5 V kila milisekunde. Mosfeti haifunguki kwa muda wote huo. Inabaki imefungwa hadi kizingiti cha karibu volti moja, kisha nusu volti inayofuata inatosha kupitisha ampea nyingi. Kapasita yako inahitaji 1000 µF mara 15 V, ambayo ni milikulombu 15. Zikipita ndani ya 1.5 ms, wastani ni 10 A. Chaja inakata, VBUS inaanguka hadi sifuri, inarudi 5V, mazungumzo yanaanza upya, mosfeti inafunguka, chaja inakata. Utaona taa zinapepesa mara moja kila sekunde na utalaumu chipu.

Wanaotaka kubaki na mosfeti huweka kapasita kati ya geti na dreni, kwa sababu hiyo ndiyo inayotawala kasi ya kupanda kwa volti ya kutoka. Lakini nayo ina upande wake: wakati wa kuchomeka, VBUS inaporuka, kapasita hiyo inaishikilia geti chini na mosfeti inafunguka kidogo kabla ya wakati. Lazima uweke nyingine kubwa zaidi kati ya geti na sosi kuituliza. Inafanyika, ila kwa mradi wako kuna njia fupi nitakayoitaja chini.

Wa pili ni volti ya geti. Kwa 100k na 100k uko salama, 20V inakuwa 10 V. Anayenakili mchoro huu akabadilisha rezista ya chini kuwa 22k atapata 16 V kwenye geti ya AO3401, na kikomo chake ni 12 V.

Wa tatu ni PG. Mazungumzo yakiwa hayajakamilika, pini hiyo inavutwa juu hadi VBUS yote kupitia rezista zako. Kabla hujafanya hivyo soma kwenye karatasi ya data kama inavumilia volti hiyo.

Wa nne ni LM2596. Swichi ya ndani inapoteza karibu 1.2 V ikibeba 3 A. Chaja inaruhusiwa kushuka 5%, 15V inakuwa 14.25. Kebo nayo inaruhusiwa kupoteza hadi 0.5 V kwenye VBUS na 0.25 V kwenye graundi. Umebaki na 13.5 V. Toa 1.2, toa kinachopotea kwenye koili, na 12V yako imekaa ukingoni. Tafuta kishusha chenye mosfeti mbili ndani, na uangalie kwenye karatasi ya data kwamba kinaweza kufungua swichi zaidi ya 90% ya muda. 12 gawanya kwa 13.5 ni 89%, na vishusha vingi vya masafa ya juu hukwama hapo hapo.

Sasa njia fupi. Achana na mosfeti. Tumia pini ya EN (ya kuwasha na kuzima) ya kishusha.

Kutoka VBUS panga vishusha viwili. Kidogo kinatoa 5V kwa ESP32 na kinafanya kazi tangu VBUS ikiwa 5 hadi 20 V. (Kwenye VBUS ya 5V kamili kitatoa kidogo chini ya 5, kama 4.6, chagua kinachoweza kufungua swichi 100% ya muda. Kwa bodi ya ESP32 yenye kidhibiti cha 3.3V kisichopoteza volti nyingi inatosha. Au toa 3.3V moja kwa moja.) Kikubwa kinatoa 12V, EN yake ina 100k kwenda graundi ili kianze kikiwa kimezimwa. ESP32 inapima VBUS, ikiridhika inainua EN. Angalia kwanza EN ya kishusha chako inakubali 3.3V kama ishara ya kuwasha. Nyingine huvutwa juu kutoka ndani na unapaswa kuzivuta chini kwa 2N7002.

Kapasita kubwa ihamie upande wa 12V, baada ya kishusha. Hapo kuanza polepole kwa kishusha chenyewe ndiko kunakoijaza, na chaja haioni kitu. 470 µF inatosha. 1000 µF ibaki kama kishusha kinaianzisha bila kukata. Kwenye VBUS weka seramiki tu: jumla ya vishusha vyote viwili na chipu isizidi 10 µF kwa thamani iliyoandikwa. Ziwe za 50V. Seramiki ya 10 µF 25V ya saizi ya 0805 ikipewa 15 hadi 20 V inabakiwa na chini ya nusu ya uwezo wake, kishusha kinaanza kulia na kutoa kelele kwenye redio ya Wi-Fi.

Weka dayodi ya TVS (ya kubana miiba ya volti) ya SMBJ22A kati ya VBUS na graundi, karibu na soketi. Inakaa kimya hadi 22 V na hubana kwenye 35.5 V ikipigwa na mkondo wake kamili. Ndiyo sababu ya ile 36V ya mkondo_sawa.

Kupima VBUS: 100k juu, 10k chini, 100 nF sambamba na ile 10k. Hapa 100 nF inafaa, si kwenye CC. Utasoma:
5V: 0.45 V
9V: 0.82 V
12V: 1.09 V
15V: 1.36 V
20V: 1.82 V

Mpangilio wa programu: subiri VBUS ikae kati ya 13.2 na 16 V kwa milisekunde 300 mfululizo, ndipo inua EN, subiri 12V itulie, kisha pandisha PWM ya LED taratibu kwa sekunde moja. Ikipita sekunde 2 bila kufika 13.2 V, usiwashe kishusha kikubwa. Toa onyo kwa taa ya ESP32. Wakati volti inabadilika kutoka 5 kwenda 15 kifaa hakitakiwi kuvuta zaidi ya 2.5 W, kwa hiyo chelewesha Wi-Fi pia hadi baada ya hapo.

---

mkondo_sawa

Nakubaliana na koili_moto kwa kila kitu. Nyongeza moja: CH224K itakupa 15V lakini haikuambii chaja ina ampea ngapi kwa 15V hiyo. Ukitaka ESP32 ijue yenyewe kama ni chaja ya 30W au 65W, ibane LED kwenye 80% bila kuguswa, tumia chipu ya HUSB238. Inaongea I2C (njia ya data ya waya mbili) kwenye anwani 0x08, na unasoma kila ngazi ya volti pamoja na ampea zake. STUSB4500 nayo ni nzuri, anwani 0x28, unahifadhi ndani yake orodha ya maombi matatu kwa kipaumbele. Ila kumbuka kuunganisha CC1DB na CC1, CC2DB na CC2. Ukiziacha, kifaa kisicho na umeme hakionekani na chaja, na bila chaja hakipati umeme, mduara usiovunjika.

FUSB302 siipendekezi hapa. Yenyewe ni sikio na mdomo tu, mazungumzo yote unayaandika wewe kwenye programu, na jibu linatakiwa ndani ya milisekunde 24 hadi 30. Wi-Fi ya ESP32 ikishika kichakataji kwa wakati mbaya, umekosa.

Bodi ndogo za PD zilizokamilika zinafaa kwa jaribio, ila zile zenye kitufe cha kuzungusha volti usizifungie ndani ya kabati. Kubonyezwa kwa bahati mbaya kunaleta 20V.

---

pembeni_kidogo

Naingilia. Kama lengo ni 12V, kwa nini tusitumie PPS (aina ya PD inayoruhusu kuomba volti kwa hatua ndogo), tukaomba 12.0 V kamili na kuondoa kishusha?

---

mkondo_sawa

Inawezekana, kwa chaja chache. PPS husogea kwa hatua za 20 mV, kwa hiyo 12.00 V si shida. Tatizo ni upeo. Chaja nyingi za simu zina PPS inayoishia 11 V. Unahitaji yenye upeo wa 16 au 21 V. Pili, ombi la PPS lazima lirudiwe angalau kila sekunde 10, la sivyo chaja inaanzisha upya kila kitu. ESP32 ikiganda, taa zinazimika. Chipu kama AP33772 hukurahisishia hilo. Kwa taa za miche kishusha ni rahisi na hakina masharti. PPS iweke kwa mradi unaohitaji volti inayobadilika, kama kifaa cha umeme cha mezani.

Na kwa wale watakaofikia uzi huu wakitafuta kuchaji betri: chipu ya PD si chaja ya betri. Usichukue 9V ya CH224K ukaipeleka kwenye seli mbili za lithiamu ukidhani chaja ya ukutani itabana mkondo na kukata kwenye 8.4 V. Haitafanya lolote kati ya hayo. Katikati lazima kuwe na chipu ya kuchaji, mfano BQ25792 kwa seli moja hadi nne.

---

taa_na_feni

Ripoti. Nimejenga kama alivyoeleza koili_moto, na CH224K. VBUS inapanda hadi 14.9 V, LED 100% na feni: VBUS kwenye soketi 14.5 V, 12V inasoma 12.04 V. Kishusha ni vuguvugu tu.

Yamebaki mawili. Nikichomeka USB ya ESP32 kwenye kompyuta kupakia programu huku chaja ikiwa imetolewa, VBUS ya soketi kuu inasoma 4.2 V. Na nikichomeka simu kwenye tundu la pili la chaja, kabati zima linazimika na kuwaka tena.

---

pini_A5

La kwanza: 5V ya kompyuta inarudi nyuma kupitia kishusha kidogo hadi VBUS. Weka dayodi ya Schottky, SS34 inafaa, kati ya kishusha kidogo na pini ya 5V ya bodi, upande wenye mstari uelekee bodi. Itapoteza 0.3 hadi 0.4 V, kwa hiyo panga kishusha kitoe 5.3 V. Usiliache hivyo hivyo, maana soketi ya kifaa haitakiwi kuwa na volti kabla chaja haijaiwasha, na chaja nyingine zikikuta VBUS ina umeme hukataa kuanza.

La pili si kosa lako. Chaja yenye matundu mengi hugawa upya wati kila kifaa kinapoingia au kutoka, na nyingi hukata matundu yote kwa muda na kuanza mazungumzo upya. Kwenye programu hakikisha ESP32 inashusha EN mara tu VBUS ikianguka chini ya 13 V, na inarudia mpangilio mzima tangu mwanzo, wala isidhani 15V imerudi. Baada ya mgawo mpya tundu lako linaweza kuwa na 9V tu. Kama saa ya ratiba ya taa inapotea kila mara, ihifadhi kwenye chipu ya saa ya DS3231 yenye betri yake.

Power banki italeta jingine: nyingi hujizima mkondo ukiwa mdogo kwa muda. Usiku LED zikiwa zimezimwa na ESP32 imelala, inaweza kuhesabu kwamba hakuna kifaa. Feni ikizunguka hata kwa 30% kwa kawaida huizuia.

---

koili_moto

Kwenye feni weka dayodi pia, SS14 sambamba nayo, mstari ukielekea +12V, kama unaiongoza kwa PWM kupitia mosfeti. Bila hiyo kila ikizimwa koili zake zinarusha mwiba wa volti kwenye dreni, na hiyo 12.04 V yako nzuri inachafuka.